Makoti ya Mvua Wakati wa Ukame

Dominika ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka A





Masomo ya Dominika hii yamelowa maji. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, wana wa Israeli wamepiga kambi Refidimu, wala hawana maji ya kunywa. Wanamnung'unikia Musa hata anahofia kupigwa mawe. Mungu anamwagiza aupige mwamba kwa fimbo yake, na maji yanabubujika. Mahali pale pakapewa jina la Masa na Meriba, kwa sababu watu walihoji iwapo Bwana yumo kati yao au hayumo. Nayo Injili ya Yohane, sura ya 4, inatupeleka kisimani pa Yakobo, kisima ambacho mahujaji wanakitembelea hata leo karibu na mji wa Nablus. Hapo Bwana wetu amechoka, jua la saa sita linawaka, na anamwomba mwanamke Msamaria maji.

Tungependa leo kukaa kidogo na lile swali la Masa. Mungu yumo kati yetu, au hayumo? Ni swali zito, na mtu aliyeshiba hana haraka ya kuliuliza. Mtuwie radhi basi tukianzia mbali, kwenye safari ya siku moja tuliyoifanya mwishoni mwa Oktoba 2019, kwenda kuyaona maporomoko ya mto Zambezi.

Tulipokuwa seminari kuu, katika chumba cha kulia chakula ilitundikwa kalenda ya zamani. Tarehe zake zilikuwa zimepitwa na miaka mingi, lakini hakuna aliyethubutu kuiondoa, kwa sababu ya picha yake. Ilikuwa picha ya maporomoko hayo: ukuta mzima wa maji meupe, moshi unapaa mbinguni, na upinde wa mvua umekatiza katikati. Wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Ukingo wake una upana wa mita 1,708, na palipo pa kina kirefu maji yanaanguka mita 108. Mto ukijaa, manyunyu hupaa zaidi ya mita 400 na huonekana toka mbali, umbali wa kilomita hamsini hivi. Kwa miaka yote ya masomo tulikula ugali na maharage mbele ya picha ile, na kila mmoja wetu aliapa kwamba siku moja angefika.

Nafasi ilipatikana tukiwa tumekwisha kuota mvi. Tulikuwa na mkutano Lusaka, na ulipokwisha tulibakiwa na siku tatu. Lakini si haki tuwafiche jambo la pili. Mwezi Julai wa mwaka ule tulikuwa tumemzika mama yetu mzazi. Tulimwadhimishia Misa ya mazishi sisi wenyewe, tukahubiri vizuri, watu wakasema tumehubiri vizuri. Na tangu siku ile sala ikakauka. Tulisoma Masifu ya asubuhi na ya jioni kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Tuliadhimisha Misa kila siku, tuliungamisha, tuliwafariji wafiwa wengine kwa maneno ambayo sisi wenyewe hayakutufikia. Hata machozi hatukuwa nayo. Padre mwenzetu, mtu mwenye busara, alituambia: "Nenda ukaone kitu kikubwa cha Mungu." Tukaikumbuka kalenda.

Toka Lusaka hadi mji wa Livingstone ni karibu kilomita 480. Basi lilipita Kafue, likapita mashamba ya miwa ya Mazabuka, kisha Monze, Choma na Kalomo. Baada ya mashamba yale ya kumwagiliwa, nchi ilikuwa ya rangi ya majivu. Ng'ombe walisimama kando ya barabara, mbavu zinahesabika. Msimu uliotangulia mvua zilikuwa zimeshindwa kabisa katika Zambia ya kusini, na mahindi mengi yalifia shambani. Sisi tuliyatazama hayo dirishani kama wasafiri wanavyotazama, huku mawazo yakiwa kwenye picha.

Asubuhi tulishuka mapema kutoka mjini, mwendo wa kilomita kumi hivi. Tulitega masikio tuusikie ule mngurumo. Tulisikia nyenje, na lori likibadilisha gia. Tukalipa kiingilio, tukafuata njia ya mawe, na kabla hatujafika ukingoni nyani mmoja mkubwa, pengine mzee wa ukoo wao, alitujia kwa utulivu kama mhudumu wa forodha, akaunyakua mkoba wetu wenye mkate na chupa ya maji, akapanda nao juu ya mti. Watalii wawili walipiga picha. Tukaendelea.

Tukafika ukingoni. Mbele yetu, ng'ambo ya korongo, palisimama mwamba mweusi, mkavu, uliopasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Upande ule wa mashariki hapakuwa na maji ila nyuzi mbili tatu nyembamba, ambazo upepo ulizipeperusha kabla hazijafika chini. Hapakuwa na moshi wala upinde wa mvua. Tulisimama pale kwa muda. Tungependa kuwaambia kwamba tulisali, lakini tulichokifanya ni kukasirika. Tulikuwa tumekuja mbali kuona kitu kikubwa cha Mungu, na Mungu ametuonyesha jiwe. Tukajisemea, basi hata hapa.

Tuliporudi juu jua lilikuwa utosini, ulimi umegandamana na kaakaa. Karibu na njia palikuwa na kibanda cha kukodisha makoti ya mvua. Wasikilizaji ambao hamjafika huko mjue kwamba mto ukijaa, hakuna anayeweza kwenda ukingoni bila koti. Manyunyu hunyesha kutoka chini kwenda juu na kukurudia kama masika. Lakini mwisho wa Oktoba, katika joto la kupasua kichwa, nani angekodi koti la mvua? Na hata hivyo mwenye kibanda alikuwapo. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, ameketi juu ya kreti, rundo la makoti limelala mapajani mwake. Alikuwa anaziba matobo, moja baada ya jingine, kwa vipande vya mpira na gundi ya kuzibia matairi ya baiskeli.

Alipoiona kola yetu alipiga makofi mepesi, ndivyo heshima ya kusalimu ilivyo kwa watu wa kule. Tukamwomba maji. Mapadre wenye shahada, wageni wa maporomoko yanayosifiwa duniani kote, tunamwomba maji mtu tusiyemjua! Akavuta dumu dogo la mafuta ya kupikia kutoka chini ya kreti, akatumiminia kikombe, kisha cha pili. Baadaye tulielewa kwamba dumu lile lilikuwa maji yake ya kutwa, na kwamba mkewe alikuwa ameyapanga foleni kisimani tangu alfajiri. Wakati ule tulikunywa tu.

Tuliongea kwa Kiingereza, chake cha taratibu na chetu cha seminari. Alikuwa Mtonga. Utoto wake ulikuwa katika bonde la Zambezi, chini zaidi, kabla ya bwawa la Kariba kujengwa kati ya 1955 na 1959 na maji kulifunika bonde. Watonga wapatao 57,000 wa kingo zote mbili walihamishwa ili mto utoe umeme, na wengi wao walipelekwa kwenye ardhi isiyo na maji ya kutosha, wakaishi miaka mingi bila hata taa moja ya umeme ule. "Utotoni maji yalituhamisha, Fada," alisema. "Mwaka huu ni jua." Mahindi yake yalikuwa yamekufa, na ng'ombe wawili kati ya wanne.

Tukamwambia, kwa uchungu kidogo, kwamba tumekuja kuona maporomoko na tumeona mwamba. Hakutuonea huruma. Alisema kwamba mwezi wa nne wageni wanakodi makoti yake, wanashuka, wanarudi wamelowa hadi mifupani, na baadhi yao wanamuuliza: maporomoko yenyewe yako wapi? Hawakuona kitu, ni weupe mtupu. "Oktoba unauona ukuta," alisema. "Unaona maji yanaangukia wapi."

"Na maji yenyewe?"

"Yapo. Yamekwenda upande wa wenzetu," akaelekeza gundi yake magharibi, kwenye upande wa Zimbabwe. "Huko mwamba umeinama. Yakipungua, yanapita palipoinama."

Kisha akasema neno ambalo hatujalisahau. Mwanawe alikuwa anafanya kazi Mwinilunga, kaskazini magharibi, upande ambako Zambezi inazaliwa. Siku mbili kabla, alikuwa amempigia simu. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha.

Tukamuuliza maji hayo yatafika lini. Akacheka. Mto huu hauna haraka, alisema. Unaingia Angola, unarudi Zambia, kisha unatandaa katika uwanda wa Barotse, nchi ya Walozi, ambako maji yanakaa majuma mengi yakienea nyasini kabla ya kuendelea. Mvua ya Krismasi mtu anaweza kuiona hapa karibu na Pasaka. Ndiyo maana yeye huziba makoti mwezi Oktoba. Maji yakishafika, mikono haina nafasi ya kushika gundi.

Wapendwa, turudi kwanza Refidimu. Hatutaki kulitumia neno la mzee yule kwa wepesi, kana kwamba ukame ni fumbo zuri la kiroho lililotengenezwa kwa ajili ya mahubiri. Ukame ni njaa. Miaka mitano baadaye, Februari 2024, serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi yamekauka tena, na bwawa la Kariba limeshuka hata taa za miji zikazimika kwa saa nyingi kila siku. Mtu asimwendee mkulima wa namna hiyo na kumwambia kwamba kukosa ni neema. Angalieni jinsi Mungu mwenyewe alivyofanya pale jangwani. Zaburi ya leo, ya 95, inakumbusha kwa uchungu ugumu wa mioyo ya watu wale, na ni kweli ulikuwa ugumu. Lakini katika simulizi ya Kutoka, Mungu hakuanza kwa kuwakemea. Kwanza aliwapa maji. Walioguswa na kiu ya jirani zao na wakaanza na hotuba, wajipime hapo. Nasi tumo.

Tena angalieni maji yalipita wapi. Musa hakupelekwa kwenye mto uliofichika nyuma ya kilima. Alipelekwa mbele ya kitu kile kile ambacho watu walikuwa wanakitazama na kukata tamaa, yaani jiwe. Sisi tulisimama mbele ya jiwe la Zambezi tukaona kwamba Mungu hayupo, wakati saa ile ile mvua ilikuwa inanyesha juu ya chanzo cha mto, zaidi ya kilomita elfu moja kwa mkondo wa mto kutoka miguuni petu, wala sikio letu halikuwa na njia ya kuisikia. Ilihitajika simu ya mtoto kwa baba yake.

Tunamkumbuka hapa ndugu yetu David Livingstone, mmisionari Mprotestanti wa Uskoti, ambaye mji ule unaitwa kwa jina lake. Wengi wanadhani aliyakuta maporomoko katika fahari yake yote. Sivyo. Alifika tarehe 16 Novemba 1855, msimu wa maji machache. Ilikuwa hivyo kwa bahati yake, kwa maana ni katika maji machache tu Wakololo waliweza kumpeleka kwa mtumbwi hadi kisiwani, kwenye ukingo wenyewe, akatambaa na kuchungulia shimoni. Kwenye mafuriko mtumbwi ungetupwa chini na habari ingeishia hapo. Hapo kisiwani alipanda mbegu za matunda na za kahawa, na, kama alivyoungama mwenyewe, akachonga herufi za jina lake kwenye mti. Aliporudi mwaka 1860 viboko walikuwa wameiharibu bustani. Alifariki mwaka 1873 katika nchi hiyo hiyo ya Zambia, na wenzake waaminifu, Chuma na Susi na wengineo, wakaubeba mwili wake kwa miguu, miezi tisa, hadi Bagamoyo kwetu, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu waliupokea misheni Februari 1874. Basi tunamhesabu kama mtu wa jirani.

Na sasa tuende kisimani Sikari. Ni ajabu kwamba Mwana wa Mungu, ambaye atamwahidi yule mama maji ya uzima, anaanza kwa kuomba kikombe. Hakuigiza kiu. Alikuwa amechoka, hana ndoo, na kisima ni kirefu. Mara nyingi tumehubiri juu ya maji anayotoa Yesu, na tumepita haraka juu ya maji anayoyaomba. Tulipokuwa tumeketi juu ya jiwe kando ya kibanda kile, kikombe cha pili mkononi, ndipo sehemu hiyo ya Injili ilipotufikia. Miezi mitatu tulikuwa tumekaa kama wagawaji: tunagawa faraja, tunagawa baraka, tunagawa Mwili wa Kristo. Hatukumwomba mtu yeyote kitu chochote. Waumini walikuja parokiani baada ya msiba, akina mama wa jumuiya walileta uji na ndizi, wakataka kukaa nasi kimya kama desturi ilivyo. Nasi tukawashukuru, tukawaaga mapema, tukisema tuna kazi. Padre hatakiwi kuonekana na kiu, tulidhani. Nani alitufundisha hivyo, hatujui. Bwana wetu hakutufundisha.

Hatuwezi kuwaambia kwamba tulilia pale pale, au kwamba sala ilirudi ndani ya basi la kurudi. Haikurudi. Tulichofanya ni kidogo sana. Tuliporudi parokiani tuliendelea na Masifu yale makavu, kila siku, kwa saa yake, tukisema moyoni kwamba huku nako ni kuziba matobo. Na jioni moja ya Novemba tulikwenda nyumbani kwa bibi mmoja, mwenyekiti wa jumuiya, tukamwambia waziwazi: "Mama, tumefiwa na mama yetu, na hatujui kuomba tena." Akatuwekea kigoda. Akasali yeye. Sisi tulikuwa tunaitikia tu.

Mwaka uliofuata, 2020, Dominika hii ya tatu ya Kwaresima iliangukia tarehe 15 Machi, na masomo yalikuwa haya haya. Asubuhi hiyo, tulipofika mahali ambapo Bwana anaomba maji, sauti ilitukatika mimbarini. Waumini walidhani ni mafua, na majuma yale kila mtu aliogopa mafua. Hayakuwa mafua.

Machi na Aprili hiyo Zambezi ilijaa kuliko ilivyojaa kwa miaka kadhaa. Maji ya Mwinilunga yalikuwa yamefika. Lakini ndiyo miezi ambayo ugonjwa wa Uviko-19 ulisimamisha safari karibu duniani kote, na moshi ule ulinguruma bila wageni. Tulimfikiria mzee wetu na makoti yake yaliyozibwa yote, na hakuna wa kuyakodi. Tukamwandikia kupitia kwa padre mmoja wa Livingstone, tukaweka na sadaka ndogo ya kikombe cha maji.

Jibu lilikuja mwezi Agosti, mistari michache, mwandiko wa mjukuu. Biashara hakuna, ilisema. Mvua ilinyesha, gunia nane zimepatikana. Na kwa kuwa makoti yalikuwa yamekaa bure, siku moja mzee aliwavika wajukuu wake wote sita, ambao hawajawahi kuyaona maporomoko yakiwa yamejaa, akawashusha hadi ukingoni. Makoti yaliwafika visiginoni. Hawakuona kitu, ni weupe mtupu, na walirudi wamelowa hata hivyo, kwa sababu mdogo kuliko wote alikataa kufunga vifungo.